Bafu Nililomjengea Mama Mkwe

Mtu akitaka kubomoa bafu lake hapa Mwanza alijenge upya, jibu langu ni moja: subiri mwezi wa sita. Kuanzia Machi hadi Mei mvua inanyesha mpaka kuta zinatoa jasho, shimo ulilochimba asubuhi unalikuta jioni limejaa maji, na fundi anakaa chini ya upenu akinywa chai yako. Vuli nayo haina adabu. Inaweza kukuachia Oktoba nzima ukadhani mambo ni shwari, halafu ikakushukia siku ile ile uliyomwaga zege. Mwezi wa sita ardhi imekunywa ikatosheka, mchanga ni mkavu, bomba halijaanza kukauka, na saruji unaiponyesha, unailowesha mpaka ikomae, kwa taratibu zako mwenyewe. Nilifanya kazi ya mabomba miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha umma, kwa hiyo majirani zangu wa Igogo wananiuliza mimi. Huwa nawajibu vizuri tu, kisha naingia ndani. Nimewahi kujenga bafu moja katika majira yanayofaa kabisa, kila kitu kwa kipimo, na hadi leo natamani kazi ile ningeilipua.

Bafu letu la zamani lilikuwa nyuma ya nyumba, pale mawe yanapoanza kupanda. Ili ufike ilibidi ushuke ngazi kumi na moja za mawe, upite jiwe kubwa, ndipo ukute kibanda cha mabati chenye choo upande mmoja na pa kuogea upande wa pili. Sakafu yake niliimwaga enzi za kibali, wakati saruji ilitolewa kwa barua na ukipata mifuko miwili unaigawa kama nyama ya sherehe. Mchanga ulikuwa mwingi kuliko saruji. Ikawa inavunjika vunjika, ikaota ukungu wa kijani, na mvua ikinyesha unashuka huku umeshika mabati kwa mikono miwili. Sisi tulishazoea.

Mwanzoni mwa mwaka ule mke wangu alimleta mama yake kutoka kijijini kwao, ng'ambo ya Bujora. Nyonga ya kushoto ilikuwa inamuuma, na daktari alitaka kumwona kila mwezi. Mke wangu ndiye mtoto wa kike pekee aliyebaki hai, na kaka zake wa kule walikuwa na ng'ombe na mashamba yao. Watoto wetu wote wawili walikuwa shule za bweni. Tulimpa mama chumba cha nyuma, chenye dirisha linaloangalia uani.

Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Mimi nilizaliwa mjini, baba yangu alikuwa mtu wa reli, na mila nilizijua juu juu. Nilijua hatuli pamoja. Nilijua siingii chumbani kwake wala sikai kwenye kiti alichokalia, na tukikutana njiani mmoja wetu anapisha na kuangalia pembeni. Hayo niliyashika barabara, na kusema kweli nilijisifu. Asubuhi nilikuwa nasimama uani, nimempa mgongo, naita kuelekea dirishani, "Mwangaluka, mayu." Naye anajibu kutoka ndani, "Mwangaluka, baba." Mayu ni mama. Yeye aliniita baba, kama wanavyoitwa wakwe wote, ingawa angeweza kunizaa.

Mwezi wa nne akateleza kwenye zile ngazi. Hakuvunjika, lakini mama jirani, mjane aliyekuwa akiishi nyuma ya ua wetu, alimnyanyua na matope yake mpaka kichwani. Niliporudi kutoka kazini mke wangu alikuwa akinisubiri mlangoni.

"Baba watoto, mjengee mama bafu hapa hapa juu, kwenye ukuta wa chumba chake."

"Nitajenga. Mwezi wa sita."

"Miezi miwili? Na akianguka tena?"

"Ukitaka sakafu ipasuke ukalie tena mwakani, nianze kesho."

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hakuzoea kujibiwa hivyo, lakini kwenye mambo ya saruji alinihofia. Tukafunga kamba ya katani kando ya ngazi, mama awe anashika. Sikuwa na ubaya. Nilimpenda yule mama. Alikuwa mwembamba, mpole, na katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniambia neno la lawama, hata ule mwaka niliopeleka mahari kwa kuchelewa. Nilitaka kumfanyia kitu kimoja kizuri ambacho hakitaharibika.

Na miezi ile ya mvua, pamoja na ngazi na matope, alikuwa anaendelea vizuri. Mimi nilikuwa natoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Mke wangu alikuwa anarudi saa tisa. Mama alibaki peke yake na kuku, akishuka na kamba yake polepole na kupanda polepole. Mke wangu aliniambia mama anaoga mara mbili kwa siku, anaimba akifua kanga zake, na uji anaunywea kwenye lile kopo kubwa la bati. Nilifurahi kusikia, kisha nikasahau.

Mwezi wa tano, kiwandani wakabandika orodha getini. Tulikuwa tumesikia muda mrefu kwamba mashirika yatauzwa, na kila mmoja alikuwa na hakika atakayepunguzwa ni mwenzake. Nilisoma jina langu mara tatu. Nikarudi nyumbani saa nne asubuhi, jua likiwaka, nimebeba begi langu la kazi na funguo zangu mbili za mabomba ambazo mlinzi alifumba macho nikatoka nazo. Nilikaa uani nikalia. Sikujua kama mama ananiona kutoka dirishani, na wakati ule sikujali.

Kilichoniuma zaidi ni maduka. Miaka ya nyuma ungezunguka mji mzima kutafuta koki moja ya shaba. Sasa milango ilikuwa imefunguliwa, kila kitu kimeingia: marumaru meupe kwenye maboksi, koki zinazong'aa, mabomba ya plastiki, saruji imepangwa nje kama unga na hakuna anayekuuliza kibali. Vitu vimejaa, mshahara hakuna. Mke wangu alitaka kile kiinua mgongo tufungue genge la nafaka. Nikamwambia bafu kwanza. Nilisema ni kwa ajili ya mama, na ilikuwa kweli, lakini pia nilitaka kuamka asubuhi nikiwa na kazi mkononi. Mwanamume aliyezoea king'ora cha kiwanda hawezi kukaa tu.

Juni ikafika, kavu, nzuri, kama nilivyosema. Nikabomoa kibanda cha zamani na kufukia shimo lake. Nikachimba karo jipya la maji taka upande wa chini wa ua, na kwa muda wote huo familia nzima tukawa tunatumia choo na bafu la mama jirani, tukipitia kijimlango cha nyuma. Mwanzoni nilikuwa na fundi. Siku ya nne nikamfukuza kwa sababu alitaka kupiga lipu juu ya tofali kavu bila kulilowesha. Baada ya hapo nikafanya peke yangu, na kazi ya wiki tatu ikawa ya wiki saba.

Wiki saba hizo niliishi uani. Zege nililifunika kwa magunia ya katani na kuyamwagia maji asubuhi, mchana na jioni, maana upepo wa kiangazi unakausha saruji juu kabla haijashika ndani, na ndipo nyufa zinapoanza. Watu wanadhani saruji inakauka. Saruji inaponyeshwa, na kuponyesha kunataka subira. Kuku wa jirani walikuwa wakija kuchakura, na mbuzi mmoja alishawahi kukanyaga lipu mbichi, kwa hiyo nikaweka kiti changu katikati ya ua nikawa nalinda. Upande wangu wa kulia ulikuwa mlango wa chumba cha mama. Upande wa kushoto, kijimlango cha kwenda kwa jirani. Nilikaa hapo tangu jua linachomoza mpaka linazama. Mama akitoka, mara moja moja, nilikuwa nageuza uso haraka na kuangalia ziwa kule chini, na nikajiona nina heshima sana.

Mke wangu alikuwa anamwachia mama chupa ya chai asubuhi. Akirudi saa tisa anaikuta imejaa.

"Mama, mbona hujanywa?"

"Sina kiu, mwanangu."

Uji nao ulikuwa unarudi na utando juu. Mke wangu alisema mama amekumbuka kwao. Mimi nilisema ni vumbi langu la saruji linamwondolea hamu ya kula. Siku moja nilipanda lori kufuata mchanga Buhongwa, nikashinda huko, na kwa wauzaji wa barabarani nikamnunulia tikiti maji kubwa. Niliporudi jioni mke wangu alinipokea anacheka.

"Leo mama amekunywa chai yote. Ameoga, amekula, yaani mchangamfu!"

"Ona sasa. Kumbe alikuwa anataka matunda tu."

"Lakini tikiti ndiyo kwanza unalileta, baba watoto."

Tukacheka wote wawili. Hatukuuliza zaidi. Siku ile imenirudia kichwani mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu.

Kulikuwa na jambo la mlango pia. Mke wangu alitaka mlango wa bafu ufungukie ndani, chumbani kwa mama, ili mama atoke kitandani na kuingia moja kwa moja. Nilikataa. Nilimweleza kama ninavyowaeleza majirani mpaka leo: bafu likifungukia chumbani, mvuke unaingia kwenye godoro, unyevu unakula ukuta, na baada ya misimu miwili ya mvua rangi inabambuka. Bafu linataka kupumua nje. Kwa hiyo mlango nikauweka barazani, hatua tatu tu kutoka mlango wa chumba chake, unaangalia uani. Kitaalamu nilikuwa sahihi. Bafu lile halijawahi kuwa na unyevu mpaka leo.

Likaisha mwishoni mwa Julai. Marumaru meupe mpaka usawa wa bega. Sakafu nimeipa mteremko kwa pima maji, ukimwaga ndoo moja maji yote yanakimbilia tunduni hayabaki hata matone. Ukutani, kando ya choo, nikafunga bomba la chuma la kushikia, nikalipaka rangi ya fedha. Kwenye kona nikajenga kigoda cha zege nikakipachika marumaru, mama aoge amekaa. Nilipomaliza nilisimama mlangoni nikaona kwamba hata kiwandani sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Mke wangu akamshika mama mkono akamwonyesha. Mimi nilikuwa nje, nimegeuka, nikasikia sauti yake ndogo.

"Nzuli sana. Mwambie baba, Mungu amlipe. Ni kama hospitali."

Nilifurahi mpaka nikatoka nje ya ua kujificha.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Nilijua kwamba bafu jipya linaharibika mwezi wa kwanza. Maungio ya marumaru hayajakomaa, sabuni ikiganda inayachimba, na usipofuta mapema utapambana na ule weusi maisha yako yote. Dawa yake ni brashi ngumu na sabuni ya unga, kisha maji mengi, kisha kitambaa kikavu. Tindikali usiguse. Mlango uachwe wazi mchana upepo upite. Kwa hiyo kiti changu nikakihamisha kutoka uani nikakiweka barazani, na kila aliyetoka bafuni, mimi nikaingia na brashi. Mke wangu akitoka naingia. Mama jirani akija kuona bafu la kisasa akanawa mikono, naingia. Niliambiwa nina wazimu, nikacheka. Na nikaona ajabu kwamba mchana kutwa bafu linabaki safi, kavu, hata kipande cha sabuni hakipungui. Nilidhani ni ile kazi nzuri ya mteremko.

Katikati ya Agosti mama akashikwa na homa. Mgongo ulikuwa unamuuma upande wa chini, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Tukamkodia gari tukampeleka hospitali. Mimi nilikaa mbele na dereva, nimeangalia barabara. Walimlaza. Siku ya pili nilikuwa kwenye benchi la nje ya wodi ya wanawake, mke wangu akatoka, akakaa mwisho wa benchi bila kuniangalia. Nikajua amenikasirikia, lakini sikujua kwa lipi.

"Wanasema figo," akasema. "Zilishachoka tangu zamani kwa sababu ya presha. Lakini muuguzi ameuliza kwa nini mgonjwa hanywi maji. Nikasema mwenyewe hataki. Mama akaanza kulia."

"Analia nini?"

"Alikuwa anajizuia. Hanywi ili asiende chooni. Anasubiri mpaka utoke."

Sikuelewa mara moja. Nikasema, "Mpaka nitoke niende wapi?"

"Popote. Wewe ni mkwe wake. Atapitaje mbele yako kwenda chooni? Umsikie maji yake? Atoke, halafu wewe uingie nyuma yake na brashi?" Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anasoma orodha ya mahudhurio. "Alikuwa anakwenda alfajiri kabla hujaamka, halafu basi, mpaka ulale. Tangu ulipoachishwa kazi, baba watoto. Kila siku anasubiri utoke, na wewe hutoki."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nageuza uso. Nikahesabu moyoni siku ambazo sikuwa nyumbani kuanzia Juni, nikapata moja tu, ile ya Buhongwa. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia, hata pale getini mbele ya orodha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na mimi ningejua ningekaa kimya?" akasema, ndipo akalia.

Baadaye tulizungumza vizuri. Alinieleza kwamba kijijini kwao, mwanamume akitembelea ukweni, mama mwenye nyumba huenda porini mbali kabisa, au huaga kwamba anakwenda kuchota maji, na hakuna anayejiuliza kitu. Mjini kwangu hakukuwa na pori wala kisima. Kulikuwa na baraza, na mimi nimekaa juu yake. Mke wangu mwenyewe alikuwa ameshasahau mambo hayo kwa kukaa mjini, na hilo lilimuuma kivyake. Hakuna daktari aliyesema ni mimi niliyemuumiza. Walisema presha, umri, na maji kidogo. Lakini maji kidogo yalikuwa yangu.

Niliporudi nyumbani siku ile nilichukua nyundo na patasi nitoboe ukuta, niweke mlango wa ndani kama alivyotaka. Mke wangu akazinyang'anya.

"Usimsogelee tena na nyundo. Anarudi kesho kutwa. Atalala kwenye vumbi?"

"Sasa nifanye nini?"

"Toka tu nyumbani."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Tulikubaliana mke wangu amwambie mama kwamba nimeajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki, maana vilikuwa vimefunguliwa vipya kando ya ziwa na kila mtu alikuwa na ndugu aliyepata kibarua huko. Siku aliyorudi, saa moja asubuhi, nikavaa suruali yangu ya kazi, nikabeba begi lile lile na zile funguo mbili ndani ili lilie chuma, nikasimama uani.

"Mwangaluka, mayu. Ninakwenda kazini."

"Mwangaluka, baba. Kazi njema."

Nikateremka mpaka ufukweni, pale akina mama wanapoanika mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani baada ya minofu kuondoka kwenda Ulaya. Nilikaa juu ya jiwe mpaka saa kumi na moja. Walidhani nimetumwa na afisa afya. Siku ya tatu walinizoea, wakawa wananiuzia mihogo ya kuchoma na kunituma niwafukuzie makorongo. Jua la pale halina mti. Niliungua pua, shingo na mikono. Jioni, nikikaribia nyumbani, nilikuwa napiga mlango wa ua kwa jiwe na kukohoa, halafu nahesabu mpaka mia kabla ya kuingia.

Na mama akaanza kunywa. Mke wangu alikuwa ananipa taarifa jikoni kwa kunong'ona, kama wanafunzi wanaoibiana majibu: leo vikombe vinne, leo ameoga amekaa kwenye kigoda chako, leo ameimba. Bafu nililikuta limelowa, sabuni imeyeyuka pembeni, povu limeganda kwenye maungio, na sikugusa brashi mpaka alale. Niliwaza kwamba maungio yaoze yote, yawe meusi kama masizi, ilimradi mama aoge. Wiki sita zilipita hivyo, Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili nilikuwa nakwenda ibada ya kwanza na ya pili.

Oktoba mvua ya vuli ikaanza kugusagusa. Ufukweni kukawa na matope, na mimi nikipata mvua nasimama chini ya turubai la wauza mihogo. Sikuhisi uchovu. Asubuhi moja ya Alhamisi nikasimama uani kama kawaida.

"Mwangaluka, mayu. Ninakwenda kazini."

"Mwangaluka, baba." Kisha, badala ya kazi njema, akasema, "Leo usiende. Pumzika hapa nyumbani."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Nisiende, mayu?"

"Umechoka, baba. Kaa barazani kwako."

Nilifurahi kiasi cha kuona aibu kueleza. Nilijua amenizoea. Nilijua kwamba hatimaye nimekuwa mtoto wake. Nikaleta kiti changu nikakiweka barazani, nimegeukia ziwa, na yeye akawa anazungumza nami kutoka dirishani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Aliniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, na kama reli ilikuwa inapiga kelele nyumbani kwetu. Akanisimulia mke wangu alivyokuwa mtoto, alivyokuwa akiiba karanga za mbegu na kufukia maganda akidhani hayataonekana. Nilicheka, naye nikamsikia anacheka, pumzi fupi fupi. Aliongea Kisukuma cha polepole ili mimi mtu wa mjini nielewe. Saa nzima, labda na zaidi. Baadaye akasema anataka kulala kidogo. Nikasema lala, mayu, mimi nipo.

Mke wangu alirudi saa tisa, akanikuta pale pale.

"Mbona uko nyumbani?"

"Mama mwenyewe ameniambia nipumzike." Nilikuwa natabasamu. "Tumeongea sana leo."

Akaweka madaftari ya wanafunzi chini, kwenye saruji iliyolowa mvua, akaingia chumbani na viatu vyake. Alipotoka uso ulikuwa umemsawajika.

"Hajapata haja ndogo tangu jana asubuhi. Miguu imevimba. Kaite gari."

Nilikimbia. Tulimfikisha, na safari ile nilikaa nyuma na kumshikilia kichwa, kwa sababu mke wangu peke yake hakuweza na gari lilikuwa linaruka. Mama alifumbua macho mara moja, akaniona, akayafumba. Sikugeuza uso. Alifariki Jumamosi, kabla ya adhuhuri, mke wangu akiwa amemshika mkono.

Tulimzika kwao. Matanga yalipoisha na wageni wakaondoka, nilimkuta mke wangu amekaa nyuma ya nyumba ya marehemu, anakunja kanga za mama yake. Nikakaa. Nikamwambia kwamba kitu kimoja kinanifariji, mama hakujua kwamba kazi ilikuwa ya uongo.

Aliendelea kukunja kanga aliyokuwa nayo mpaka mwisho.

"Alijua tangu wiki ya kwanza," akasema. "Mama jirani alikuona kwenye mapanki akamwambia. Aliniambia, yule baba anaungua jua kule kwa ajili yangu mimi, siku nikiwa sina haja tena ya kutoka nitamwita arudi."

Nikamwuliza kwa nini basi hakuna aliyeniambia, nikae kivulini walau.

"Alinikataza," akasema. "Alisema usije ukaona aibu."